Mjenzi wa Mfupa Akipewa Amri ya Kufa

REHEMA: Karibuni tena. Leo naanza na picha ya eksirei, mfupa wa muundi. Katikati kuna kipande cheupe kuliko mfupa mwingine, kimezungukwa na weusi, kimejitenga kama kijiti kilichosahaulika ndani ya bomba. Kaka Salim, hicho ni nini?

SALIM: Mfupa mfu huo, dada. Damu ilikatika, seli zikafa, limebaki gofu. Tena siku za mwanzo hungeuona. Osteomielaiti, yaani maambukizi ya mfupa, huchukua kama wiki 2 ndipo eksirei ianze kuonyesha kitu.

REHEMA: Ndipo watu wanasema bakteria wamekula mfupa.

SALIM: Hapo nabisha. Bakteria wanawavuruga mafundi tu. Mfupa una mafundi wanaopokezana: osteoblasti wanajenga, osteoklasti wanabomoa. Hata sasa tunavyoongea, kazi hiyo inaendelea miilini mwetu. Stafilokokasi, bakteria aliye mkosaji mkuu wa maradhi haya, anaingilia zamu yao.

REHEMA: Anaingiliaje? Usinirukie hatua.

SALIM: Haya, polepole. Juu ya ukuta wake amebeba protini A. Inafahamika zaidi kwa kushika kingamwili kinyumenyume zishindwe kazi. Sasa, osteoblasti naye ana kipokezi cha TNF, ujumbe ambao mwili huutuma wakati wa uvimbe. Protini A inakishika kipokezi hicho kana kwamba ndiyo TNF yenyewe.

REHEMA: Barua ya kughushi!

SALIM: Na mpokeaji haikagui. Ndani ya seli kaspasi zinaamka, hivyo ni vimeng'enya vya kukatakata protini. Seli inasinyaa, DNA inakatika vipandevipande, utando unatoa malengelenge. Hakuna aliyeipiga, imejiua kwa utaratibu wake yenyewe.

REHEMA: Apoptosisi.

SALIM: Ndiyo. Neno hilo lilitolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, la Kigiriki, lenye maana ya kupukutika kama majani. Wyllie na Currie walikuwa Aberdeen, Uskoti. Na ni Aberdeen hiyohiyo ambako daktari mpasuaji Alexander Ogston, miaka ya 1880, alichungulia usaha wa majipu kwa darubini, akaona viduara vimeshonana kama kichala cha zabibu. Akamwita Stafilokokasi.

REHEMA: Muuaji na jina la kifo, mji mmoja?

SALIM: Sadfa tu, ila naipenda.

REHEMA: Lakini si osteoblasti wote wanaokufa kwa utaratibu huo.

SALIM: La hasha. Sumu nyingine za bakteria huyo, kama ile ya alfa, zinatoboa utando wa seli tu. Seli inapasuka, yaliyomo yanamwagika, uvimbe unazidi. Na kuna linaloniudhi zaidi: osteoblasti aliyeambukizwa, kabla hajafa, anaweza kutoa protini ya ujumbe iitwayo RANKL kwa wingi.

REHEMA: Ambayo ndiyo inayowaita wabomoaji.

SALIM: Ndiyo hiyo. Mjenzi anakufa huku akiita shoka.

REHEMA: Na yule asiyekufa?

SALIM: Huyo ndiye hatari. Stafilokokasi ana protini za kunasa fibronektini, protini ya mwili inayogandisha seli na mazingira yake, na fibronektini hiyo inajishikiza kwenye integrini, yaani vishikio vya juu ya seli. Seli inammeza yenyewe. Akishaingia anaweza kubadilika, akakua taratibu mno, akatulia. Antibiotiki ya gentamisini haipenyi vizuri humo ndani. Nyingine, rifampisini, inapenya, ila haipewi peke yake, maana usugu wake huja haraka.

REHEMA: Nilisoma pia kwamba anajipenyeza kwenye vijifereji vya mfupa.

SALIM: Mwaka 2017 watafiti wa Rochester, Marekani, walionyesha hilo kwa darubini ya elektroni. Bakteria wa kipenyo cha takribani maikromita 1 alikuwa amejibana, amebadilika umbo, ndani ya mfereji mwembamba kuliko yeye. Askari wa kinga hawatoshi humo.

REHEMA: Kwa hiyo yule mgonjwa ambaye kidonda kilifunga, halafu baada ya miaka kovu lilelile likatoa usaha na chembe za mfupa...

SALIM: Si lazima aambukizwe upya. Huenda bakteria walikuwa humohumo. Ndiyo sababu tiba huchukua wiki 4 hadi 6, mara nyingine zaidi, na kipande kama kile cha kwenye picha yako huondolewa kwa upasuaji. Damu haifiki pale. Dawa itapitia wapi?