Taa Ilikuwa Wapi?

NEKESA: Karibuni tena kutoka hapa Kakamega. Niko na Wakili Barasa. Wakili, swali hili haliishi: mama amevamiwa usiku, amemwona mtu kwa macho yake, ameapa kortini, na bado hakimu anamwachilia mshtakiwa. Huku mtaani tunasema hakimu amekula kitu.

BARASA: Uchungu huo naujua, dada. Lakini mama anaweza kuwa mkweli kabisa na awe amemfananisha tu. Katika kesi ya Maitanyi, mwaka 1986, Mahakama ya Rufani ilitaka kuulizwe habari za taa: ilikuwa ya aina gani, ukubwa gani, na ilikuwa upande gani wa mshukiwa.

NEKESA: Taa tu?

BARASA: Taa. Tuseme koroboi iko mezani sebuleni, na mtu amesimama mlangoni pa chumba cha kulala, ameipa mgongo. Unaona umbo, uso huuoni. Akikumulika kwa tochi ndiyo mbaya zaidi, maana mwanga wote uko machoni mwako. Halafu, ulimwona kwa muda gani? Alivaa kofia? Ulikuwa unamjua?

NEKESA: Na akiwa kijana wa jirani, niliyemwona akikua?

BARASA: Hapo una nguvu zaidi kuliko kumtambua mgeni, kesi ya Anjononi ilisema hivyo. Lakini watu walipokuja kwa nduru, ulimtaja? Ukienda kituoni ukaandikiwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwamba ni "watu wasiojulikana", kisha miezi baadaye unataja jina la jirani, wakili wa utetezi atakubana hapo hapo.

NEKESA: Mtu anavuja damu, Wakili! Atakumbuka hayo yote?

BARASA: Ndiyo maana lawama yangu naiweka kwa polisi anayeandika taarifa. Anaandika "nilimtambua vizuri" na kufunga faili. Arudi pale nyumbani usiku, taa iwashwe, ajionee. Shahidi mmoja anatosha. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi hakidai idadi. Ila tangu kesi ya Abdalla bin Wendo, 1953, korti lazima iwe na tahadhari kubwa sana na shahidi wa pekee katika mazingira magumu.

NEKESA: Na mshtakiwa je? Si aeleze alikuwa wapi?

BARASA: Halazimiki. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kunyamaza. Hata akisema alilala Mumias kwa shemeji, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka.

NEKESA: Basi aliyevamiwa leo pale Shinyalu afanye nini?

BARASA: Kama anamjua, amtaje mbele ya majirani wa kwanza kufika. Kama hamjui, aseme kimo, nguo, kovu. Kabla ya kutia sahihi, asomewe taarifa yake. Kama habari za taa hazimo, ziongezwe. Na asikubali kuonyeshwa mshukiwa kituoni kabla ya gwaride la utambulisho, yaani pale shahidi anapomchagua mshukiwa kati ya watu wanaofanana naye, kwa sababu gwaride hilo halitakuwa na thamani tena.