Kuni za Mwilini: Mazungumzo ya Barazani, Lamu

NAHODHA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Tuko barazani Mkomani, Lamu, na mkisikia kwato ni punda wa mchanga anarudi kwao. Mwalimu, leo nimekuja na jambo linaloniumiza moyo.

MWALIMU: Shikamoo ami. Jambo gani?

NAHODHA: Marahaba mwanangu. Kuna kijana kwenye mashua yangu. Juma lililopita tulitoka alfajiri kujifua kwa ajili ya mashindano. Upepo ukatukatikia, tukashika makasia kuelekea kijiji cha Shela. Kijana ana kifua kama mlango wa Lamu. Ghafla mikono inatetemeka, jasho la baridi, namwita jina lake ananikodolea macho tu. Kumbe tangu jana yake mchana hajala, asubuhi kanywa chai kavu. Tukampa maji na tende. Haikupita robo saa akaketi, akaanza kututania. Tende zilifanya nini?

MWALIMU: Alhamdulillahi aliweza kumeza. Asiyejitambua hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Sasa sikiza ami. Wanga tunaokula, wali, muhogo, mkate wa mofa, mwili huugeuza sukari na kuweka akiba inayoitwa glikojeni. Misuli hushika kama gramu 400, ini kama 100. Na akiba ya msuli haitoki humo. Msuli wa paja hauwezi kuukopesha mkono, sembuse ubongo. Anayeilisha damu sukari ni ini, na ubongo unaitegemea sukari hiyo. Mtu akilala na njaa, ini linagawa usiku kucha. Asubuhi ghala limebaki kidogo, nawe unamkabidhi kasia. Tende zikairudishia damu sukari.

NAHODHA: Ni mimi basi niliyemponza.

MWALIMU: Hukujua, ami.

NAHODHA: Na mafuta je? Hata mwembamba ana mafuta.

MWALIMU: Anayo tele! Mwenye kilo 8 za mafuta amebeba zaidi ya kilokalori 60,000 za nguvu. Glikojeni yote ukiijumlisha ni kama 2,000 tu. Lakini mafuta ni gogo la mkoko: linawaka muda mrefu, halikimbii. Yanataka oksijeni zaidi na hutoka polepole. Kutembea ufukweni mpaka Shela, mafuta yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Ukikazana, mwili unaegemea wanga.

NAHODHA: Vijana wa mazoezi wananiambia mafuta hayaanzi kuungua mpaka dakika 20 zipite.

MWALIMU: Hilo nalipinga kila siku darasani. Hivi tulivyoketi hapa tunachoma mafuta na sukari pamoja. Hakuna saa ambapo kuni moja inazimwa na nyingine kuwashwa. Kinachobadilika ni kipimo: kasi ikipanda, wanga unazidi, muda ukirefuka kwa mwendo ule ule, mafuta yanazidi.

NAHODHA: Na kutweka tanga? Pale hatupumui hata kidogo, tunavuta tu.

MWALIMU: Hapo ndipo panaponifurahisha. Tazama mikono ya vijana wako kwenye jarari, kamba ya kutwekea tanga. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inanyanyuka, mivuto ya kwanza ni ya moto kabisa. Msuli unalipwa kwa kitu kiitwacho ATP, na uliyo nayo tayari ni ya sekunde chache tu. Kuna kreatini fosfeti inayoitengeneza upya papo hapo, nayo katika kazi ya nguvu zote haivuki sana sekunde 10. Hiyo ndiyo makumbi ya jikoni: yanalipuka, yamekwisha. Tanga likiwa zito bado linapanda, msuli unavunja glikojeni kwa haraka bila kungoja oksijeni. Ndipo mikono inawaka.

NAHODHA: Ule moto ndio unaotuletea maumivu kesho yake.

MWALIMU: La, ami, ule unapoa mapema. Maumivu ya kesho yanatokana na nyuzi za msuli kuchubuka kidogo kidogo kwa kazi usiyoizoea. Na ile lakteti, inayobaki glikojeni ikivunjwa kwa haraka, watu wanayoilaumu, moyo unaila kama chakula, na ini linaweza kuirudisha kuwa sukari.

NAHODHA: Subhanallah.

MWALIMU: Mwaka 1967 watafiti wa Sweden walichukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja kwa sindano, wakawakanyagisha watu baiskeli mpaka wachoke. Waliokula siku chache vyakula vyenye wanga kidogo walikwama kabla ya saa moja kuisha. Chakula cha kawaida, karibu saa 2. Wanga mwingi, karibu saa 3. Miguu ile ile! Na Eliud Kipchoge, alipomaliza marathoni chini ya saa 2 kule Vienna mwaka 2019, alikuwa akipokea chupa za kinywaji chenye wanga njiani. Sasa wewe unampeleka kijana baharini na chai kavu.

NAHODHA: Nimekoma. Jumamosi tunatoka tena. Nifanyeje?

MWALIMU: Ijumaa usiku wali washibe. Asubuhi, muda wa saa 2 au 3 kabla ya kazi kuanza, mahamri na mbaazi, au viazi vitamu. Mwenye ugonjwa wa kisukari afuate ya daktari wake. Kazi ikizidi saa moja, tende mbili tatu na maji.

NAHODHA: Ramadhani je?

MWALIMU: Mazoezi mepesi, karibu na magharibi, ili futari iwe jirani. Makasia mazito yangoje baada ya tarawehe.

NAHODHA: Basi ile kopo ya plastiki ya misumari naitoa chini ya shetri usiku huu, naiosha, naitia tende. Na yule kijana atakula mbele yangu kabla hatujafungua kamba.