Krimu Inayoamsha Kinga ya Mwili

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kila nikikutana na watu wenye ualbino naulizwa: daktari, hakuna dawa ya kupaka ya saratani ya ngozi, ili nisipasuliwe?

Ipo, inaitwa imikwimodi. Lakini kuijua nusunusu kunaumiza watu, kwa hiyo nivumilieni.

Krimu hii haiiui saratani yenyewe. Inaamsha kinga ya mwili pale ulipopaka. Seli zetu za ulinzi zina vipokezi vya kutambua virusi; dawa ikivigusa, seli hutoa interferoni, ambayo ni kama mbiu ya mgambo. Seli nyingine zinakusanyika, na saratani zilizokuwa zikiipita kila siku sasa zinaiona. Marekani iliiruhusu mwaka 1997 kwa masundosundo ya sehemu za siri, na mwaka 2004 kwa magamba magumu yanayoletwa na jua na kwa saratani ya seli za msingi, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, ambayo bado iko juujuu.

Kwa saratani hiyo, unapaka usiku, asubuhi unaosha, siku 5 kwa wiki, wiki 6. Katikati ya safari ngozi inawaka: inakuwa nyekundu, inachubuka, inafanya ukoko. Wengi hapo ndipo wanapoitupa. Jamani, msiitupe! Huko kuwaka ndiko kinga kufanya kazi. Ikizidi, au mwili ukiuma kama una mafua makali, rudi tukupumzishe siku chache, kisha tuendelee.

Sasa lililo gumu kulisema. Uingereza walilinganisha krimu hii na upasuaji kwa saratani ya seli za msingi isiyo ya hatari kubwa. Baada ya miaka 5, kwa waliopasuliwa tiba ilishika kwa karibu 98 kati ya 100. Kwa waliopaka, kama 82. Na huku kwetu wenye ualbino wanasumbuliwa zaidi na saratani ya seli bapa, inayozama na kusambaa. Kidonda kigumu, kinachovuja damu, kisichopona mwezi mzima, hicho usikipake. Juu panaweza kufunga, chini kinaendelea kula. Tukate kinyama kidogo, kiende maabara, ndipo tuamue.

Mama uliyekaa nyuma na mtoto mwenye kidonda sikioni, naomba usiondoke. Nitakiangalia sasa hivi, kabla ya maswali.