Wenzangu wa Bweni la Juu: Mazungumzo Siku ya Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, mama matroni, wazazi na walezi mliopanda mlima Kitonga usiku kucha ili muwe nasi leo, na ninyi wadogo zetu wa kidato cha tano: shikamooni.

Risala ya wahitimu imeshasomwa. Mmesikia idadi yetu, mmesikia habari ya maji na ombi la kompyuta. Mimi nimepewa muda mfupi kuzungumza juu ya wahitimu wenyewe. Mwalimu wa taaluma aliponipa kazi hii alinipa na orodha yenye jina, tahasusi, yaani masomo matatu ya kila mtu, na safu ya mwisho iliyoandikwa "matarajio". Kwenye safu hiyo karibu kila mtu ameandika neno moja tu. Daktari. Mhandisi. Mwanasheria. Mhasibu.

Niliisoma orodha hiyo usiku nikiwa kitandani. Hakuna aliyedanganya humo, lakini neno moja halimtoshi mtu. Hawa nimelala nao chumba kimoja tangu Julai ile tuliyoingia kidato cha tano. Nimechota nao maji, nimekesha nao msuli, yaani kusoma usiku, nimewasikia wakiota kwa sauti. Nayajua maneno yao yametoka wapi, na hilo ndilo nimekuja kulisema.

Sitamtaja mtu kwa jina. Tumekubaliana hivyo juzi bwenini, na waliosimuliwa wameniruhusu. Wazazi mtawatambua wa kwenu. Msipowatambua, angalieni nani ameinamisha kichwa.

Nianze na wa Mbagala, Dar es Salaam. Kidato cha tano hujichagulii shule. Serikali ndiyo inayokupangia, na ndiyo maana chumba chetu kimoja kilikuwa na mtu wa Ukara, wa Kilosa, wa Ludewa, wa Pangani na wa Mbagala. Huyu alishuka kwenye basi mwezi wa saba amevaa fulana na kandambili, tranka kichwani, na katika tranka lile lote hamna sweta. Baridi ya huku mnaijua. Usiku ule wa kwanza alijifunika shuka, khanga mbili na taulo, na bado meno yaligongana tukayasikia kitanda cha chini. Dada mmoja wa kidato cha sita alimpa sweta la akiba. Asubuhi yake mwenzetu huyu akanunua daftari la kurasa 48, akapiga mistari, akaandika juu: "Sweta moja, deni."

Daftari hilo ndilo limeendesha bweni letu. Sukari ya nani imekopwa na nani, vijiko vingapi. Kipande cha sabuni, nusu au robo. Betri za tochi. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya kitu kilichopotea, maana kila kitu kiliandikwa na kila deni lililipwa. Nilimuuliza siku moja amejifunzia wapi. Akaniambia mama yake ni mama lishe, na kwa miaka mingi hakujua kama biashara inampa faida au inamla, kwa sababu hesabu ilikuwa kichwani, na kichwa kile kile kilikuwa na watoto watano na kodi ya chumba. Alipofika darasa la sita alianza kumwandikia mama yake kila jioni: mchele kilo ngapi, mkaa, nyanya, sahani zilizouzwa, sahani zilizokopwa. Baada ya mwezi wakagundua kuwa wali maharage unawalipa na wali nyama unawatia hasara. Wakabadilisha bei. Mama, kama upo hapa, tunakushukuru kwa kumlea. Kwenye orodha ameandika "mhasibu". Anataka kusoma uhasibu mpaka apate CPA, cheti cha juu cha taaluma hiyo, kisha afungue ofisi ya kuwaandikia hesabu watu wa aina ya mama yake, wenye biashara ya meza moja na sufuria tatu. Mimi nina hakika ataifungua.

Wa Ludewa ni mtu wa CBA, yaani Kemia, Biolojia na Kilimo. Mahindi ya shamba la shule mliyoyapita mkiingia getini yana mkono wake. Mwaka jana majani yalianza kutoboka, tukadhani ni panzi. Yeye alipiga magoti kwenye matope, akafunua kikonyo cha jani changa pale katikati ya mche, akatoa kiwavi kwa kijiti, akatuita. "Angalieni kichwani," alisema. Tulipokaza macho tukaona mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyojipanga kama pembe za mraba. Kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu ana asili ya mabara ya Amerika, na hapa Tanzania alithibitishwa mwaka 2017. Ndani ya muda mfupi mikoa mingi ikawa inamlia. Wiki mbili mfululizo, kabla ya paredi, mwenzetu alituongoza mstari kwa mstari tukimtoa kwa mkono na kutia majivu kwenye vikonyo. Si mahindi yote yaliyopona. Yaliyopona ndiyo makande mtakayokula mchana huu. Anataka kwenda SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na akimaliza arudi Ludewa awe bwana shamba. Tulimwambia aseme bibi shamba. Akajibu kwamba jina mtachagua ninyi, yeye anachotaka ni pikipiki na buti.

Kuna wa Kilosa, ambaye ameandika "mhandisi" ili kumridhisha baba yake. Baba, naomba usikasirike, ameniruhusu kusema. Anapenda reli. Nyumbani kwao aliona mahandaki ya treni ya mwendokasi yakichimbwa, na treni ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 alisimama kwenye kilima na wadogo zake kuiangalia. Anataka kukaa mbele kabisa, aiendeshe. Uhandisi atausoma kwanza, ameahidi. Lakini nanyi mmeshajua.

Sasa niseme juu ya mtu wa mdahalo. Mwenzetu huyu ana ualbino, na ameniambia niliseme wazi kwa sababu watu wakilizunguka neno ndipo linapokuwa zito. Macho yake hayaoni mbali. Ubaoni alikuwa haoni kitu, kwa hiyo jirani yake alikuwa anasoma kwa sauti ya chini huku anaandika, na yeye akiandika kwa kusikia. Mtihani wa Taifa utamletea karatasi yake ya maandishi makubwa. Nyakati nyingine zote alisoma kwa kioo cha kukuzia alichokifunga kwa uzi shingoni.

Na alichokuwa akikisoma kwa kioo hicho, baada ya msuli, wakati sisi tumeshazidiwa na usingizi, ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Aliichapisha steshenari mjini kwa hela yake ya matumizi, akaishona kwa sindano ikawa kitabu. Nimemwona akiipitia kifungu kwa kifungu, kidole kimetangulia, kioo kinafuata. Siku ya mdahalo wa shule hakupaza sauti. Aliuliza upande wa pili swali moja: mtu wa kijijini kwenu akinyimwa haki yake leo saa nne asubuhi, aende mlango upi, na huo mlango uko wapi? Hakuna aliyejua. Wala sisi wa upande wake hatukujua. Anataka kusoma sheria, kisha apite kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, awe wakili. Lile swali lake bado sijapata jibu lake, na nimeshalibeba mwaka mzima.

Naomba nikae kidogo na wa Ukara.

Ukara ni kisiwa ndani ya wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora kuelekea Ukara, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mwenzetu alikuwa darasa la tano. Aliowapoteza siwezi kuwataja hapa, na hata yeye huwataja mara chache.

Nilichokiona mimi ni hiki. Kila tunapopanda gari, iwe Coaster ya michezo au lori la kuni, yeye hapandi mapema. Anasimama mlangoni, anahesabu. Akiona idadi imezidi anashuka, anakaa chini, na hapo gari haliondoki mpaka wengine washuke. Mwanzoni tulimnunia. Mara moja alituchelewesha mechi.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua. Akachukua bakuli lake la uji, akaliweka lielee kwenye karai la maji ya kusuuzia. Akaokota kokoto kumi, akazipanga chini ya bakuli, katikati. Bakuli likatulia. Akatuambia tulitikise karai, likayumba, likarudi. Kisha akazichukua kokoto zile zile, moja moja, akazisogeza upande mmoja. Ya nne, bakuli likainama. Ya sita, maji yakagusa ukingo. Ya saba likalala, likajaa, likazama, na kokoto zikagonga chini ya karai.

Hakuna aliyecheka. Akasema: "Sikuongeza hata gramu moja. Uzito umehama tu." Halafu akaeleza kwamba chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu wamesimama, kitovu cha uzito kinapanda, na kila mtu akielekea upande wa gati kwa mara moja, hakuna kinachokirudisha. Fizikia ambayo mwalimu alikuwa ametufundisha kwa michoro, mimi mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, niliielewa siku ile kwenye karai la nguo.

Kwenye orodha ameandika "mhandisi". Sasa mjue ni mhandisi wa nini. Anataka kwenda Chuo cha Bahari pale Dar es Salaam, asomee vyombo vya majini, awe mkaguzi. Yule anayesimama gatini na kusema hiki hakiondoki.

Na mimi? Mimi nimeandika "mwalimu wa Kiswahili". Mjomba alipoona aliuliza kama alama zimekataa. Hazijakataa, mjomba. Bibi yangu kule Pangani hakusoma hata siku moja, lakini ukimwomba maji ya kunywa atakujibu kwa sentensi utakayoikumbuka mwaka. Natamani mtoto wa darasani asikie Kiswahili kama nilivyokisikia kwake. Chuo chochote kitakachonipokea, nitakwenda.

Kabla ya vyuo kuna mambo. Kuna mtihani, kuna matokeo, kuna fomu za Bodi ya Mikopo ambazo tayari zinatunyima usingizi. Na kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na mafunzo yake ya mujibu wa sheria yaliyorejeshwa mwaka 2013. Tutagawanywa tena makambini kama tulivyogawanywa mara ya kwanza: huyu Ruvu, yule Mafinga, mwingine Bulombora, mwingine Rwamkoma. Wa Mbagala ameshanunua sweta. Mawili.

Amebaki mmoja, ambaye hamtamwona kwenye ratiba. Tuliingia bweni hili watu 32. Mwaka jana mwezi wa tisa mama yake mmoja wetu aliugua, nyumbani hakukuwa na mtu mzima mwingine, akarudi kumuuguza. Alikuwa wa kwanza darasani katika Fasihi, na mimi nilikuwa wa pili nyuma yake kwa mbali. Bado anauguza. Wa Ludewa humnakilia nukuu za Biolojia ingawa mwenzetu huyo hasomi Biolojia, ili tu bahasha isiende nyembamba. Mimi humtumia za Kiswahili. Ameniandikia kwamba mama anaanza kukaa mwenyewe, na kwamba mwakani atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kitanda chake hatukumpa mtu. Godoro tulilirudisha stoo kama utaratibu unavyotaka, lakini jina lake kwenye ubao wa kitanda lipo, na mama matroni ameliona, hajasema kitu. Asante, mama.

Mtihani ukiisha, mabasi yatakuja kutuchukua hapo uwanjani. Wa Ukara atasimama mlangoni kama kawaida yake, ahesabu. Mwezi wa kumi ule, tulipokwenda ziara, nilikuwa karibu yake nikamsikia. Alifika 31, akanyamaza kidogo, akasema, "Thelathini na mbili, mmoja yuko kwao," ndipo akapanda.

Kwa hiyo ninaomba madereva: siku hiyo msimpigie honi. Mwacheni amalize.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.