Kikombe cha Muarobaini na Homa ya Kupe

RASHIDI: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji, tuko Ngamiani, Tanga. Shikamoo dada Mwanakombo.

MWANAKOMBO: Marahaba mdogo wangu. Leo nimekuja na ungo.

RASHIDI: Nauona. Muarobaini?

MWANAKOMBO: Muarobaini na pakanga kidogo. Nimeyaanika kivulini siku tatu, sikia yanavyovunjika. Yalikuwa ya binamu yangu aliyeko Connecticut, Marekani. Aliumwa na kupe akifyeka nyasi, akapata ugonjwa wa Lyme. Akapewa doksisaiklini, antibayotiki ya hospitali, akamaliza. Mwaka umepita, magoti bado yanamuuma na uchovu haumwachi. Kanipigia: dada, nitumie dawa za nyumbani.

RASHIDI: Jina lenyewe limetoka huko huko, mji wa Lyme. Na sisi tuna homa ya papasi.

MWANAKOMBO: Vijidudu vyake na vya Lyme ni ndugu. Papasi naye ni kupe, anajificha kwenye nyufa za nyumba ya udongo, anakuuma usiku umelala, asubuhi huna habari. Homa inakushika siku kadhaa, inaondoka, unasema nimepona. Baada ya wiki hivi, hiyo tena! Hapo ndipo majani yanapopata sifa isiyo yao. Umekunywa muarobaini leo, kesho homa imeshuka, unaushukuru mti. Kumbe homa ilikuwa inapumzika tu.

RASHIDI: Kwa hiyo mtu akapime lini?

MWANAKOMBO: Mwili ukiwa unachemka. Vijidudu huonekana kwenye damu homa ikiwa juu. Ikishuka ni shida kuviona. Usingoje upate nafuu ndiyo uende.

RASHIDI: Turudi kwa binamu. Kwa nini asirudie dawa za hospitali?

MWANAKOMBO: Imejaribiwa kuwapa wagonjwa kama yeye antibayotiki za muda mrefu, haikuwasaidia. Ndiyo maana watu wanakimbilia miti, na mimi siwalaumu, maumivu ni maumivu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliijaribu mimea kadhaa juu ya vijidudu vya Lyme, aina moja ya pakanga ikiwemo, na baadhi iliviua vizuri. Lakini ni maabara, Rashidi. Si ndani ya goti la mtu.

RASHIDI: Wengine wakizidiwa husema dawa inatoa uchafu.

MWANAKOMBO: Hilo linaniuma sana. Ukianza dawa ya hospitali ya homa ya papasi, unaweza kutetemeka saa chache baada ya dozi ya kwanza, kisha inapita, na hospitali wanajua. Lakini unakunywa majani wiki mbili, unatapika, macho yamekuwa ya manjano? Hilo ni ini! Acha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

RASHIDI: Basi ulimtumia?

MWANAKOMBO: Nilimuuliza kwanza anatumia dawa gani nyingine. Akataja ya sukari. Muarobaini nao hushusha sukari. Viwili pamoja vingeweza kumwangusha. Nikamuuliza ile doksisaiklini aliinywaje. Na chai ya maziwa, kila asubuhi!

RASHIDI: Maziwa yana ubaya gani?

MWANAKOMBO: Yanaishika dawa tumboni, sehemu yake haiingii kwenye damu. Nikamwambia akamweleze daktari wake hilo, na amtajie kila anachokunywa, hata tangawizi. Mchaichai nimemruhusu, jioni.

RASHIDI: Na huu ungo?

MWANAKOMBO: Nayatia kwenye gunia la mahindi. Fukusi hawayapendi.