Mstari Mmoja Haukutosha: Tunamkumbuka Susu

RASHID: Hamjambo wasikilizaji wetu, na karibuni tena katika kipindi chetu kutoka hapa Nairobi. Mimi ni Rashid, na niliyeketi naye ni dada Mutheu, ambaye majuma matatu yaliyopita alimzika nyanya yake, tuliyemwita Susu, huko Machakos akiwa na umri wa miaka 93. Dada Mutheu, pole sana kwa mara nyingine, na Mwenyezi Mungu amrehemu.

MUTHEU: Nimeshapoa, kaka Rashid. Nawashukuru pia majirani wa Pumwani na Shauri Moyo waliokodi matatu mbili ili waje kumsindikiza. Leo nimeomba tumzungumzie yeye peke yake, kwa sababu kuna deni ninalodaiwa. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wake na kuusoma mbele ya waombolezaji, na niliporudi nyumbani nikausoma tena kwa utulivu niliona kwamba nilikuwa nimetaja watoto wake, wajukuu, vitukuu, kanisa lake na maradhi yake ya mwisho, huku kazi ya mikono yake, aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 70, nikiipa mstari mmoja: “Marehemu alipenda kusuka vyondo,” yaani vile vikapu vyetu vya mkonge.

RASHID: Na wasemaji wengine?

MUTHEU: Kila aliyesimama alisema kwamba Susu alikuwa mchapakazi. Neno hilo ni la kweli na lilisemwa kwa upendo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba alikuwa mbunifu. Tulimsifu kana kwamba mikono yake ilijiendea yenyewe, na hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia.

RASHID: Tuanzie mbali kidogo, ili msikilizaji amfahamu.

MUTHEU: Kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1932, ingawa yeye mwenyewe aliuhesabu umri wake kwa misimu ya njaa, kama walivyofanya wengi wa rika lake huko Ukambani. Alikuja Nairobi mwaka 1956 akimfuata babu, ambaye alikuwa kibarua wa reli na aliishi katika landhi za Muthurwa, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, ndani ya chumba kimoja kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa kumfikiria mwanamume asiye na mke wala watoto. Kwa hiyo alikuwa akija mjini na kurudi shambani, akija na kurudi, kwa miaka mingi. Ile njaa ya mwaka 1961, ambayo Wakamba huiita njaa ya ndege kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani, ilimkuta kijijini na watoto watatu, na mvua zilipokuja mwishoni mwa mwaka huo zikaja kama gharika. Baada ya Uhuru ndipo walipopata nyumba Shauri Moyo, na hapo akakaa.

RASHID: Na hapo ndipo mimi nilipomjulia. Sisi watoto wa Pumwani tulivuka tu barabara tukawa kwake. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua mboga, anaziuza hadi alasiri, kisha unamwona anarudi na kikapu kichwani huku vidole vinasokota katani, na anajibu salamu za watu bila kuangalia mikono yake.

MUTHEU: Alisokota popote: kwenye foleni ya maji, kwenye mkutano wa chama cha akina mama, hata kwenye matanga. Mkonge wenyewe uliletwa kutoka kijijini. Majani hukatwa, nyama yake ya kijani hukwanguliwa hadi zibaki nyuzi tupu, nyuzi huoshwa na kuanikwa juani, halafu msokotaji huchukua nyuzi chache na kuzivingirisha kwenye paja mpaka zigeuke kuwa kamba nyembamba. Paja la kulia la Susu lilikuwa laini na lenye kung'aa kama ngozi iliyosuguliwa kwa mafuta, tofauti kabisa na la kushoto. Nilipokuwa nikimwogesha katika miezi yake ya mwisho, nililiosha paja hilo polepole kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake.

RASHID: Subhanallah.

MUTHEU: Lakini hiyo bado ni bidii. Ubunifu wake ulianzia kwenye rangi. Mama yake alimfundisha kuchemsha magome na mizizi, na rangi zake zilikuwa kahawia, nyeusi na ule wekundu wa udongo. Mjini magome hayapatikani kwa urahisi, basi akaanza kuchemsha majani ya chai yaliyokwisha kutumika, ambayo aliyakusanya kutoka kwa majirani. Halafu akaigundua Gikomba, lile soko kubwa la mitumba.

RASHID: Hapo naomba niseme mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa! Nyanya alikuwa akinipa sarafu na kunituma mitumbani nikamtafutie sweta, na mwanzoni nilidhani anataka kuvaa. Nikamletea sweta nzuri ya samawati, akaigeuza ndani nje, akautazama mshono wa ubavuni, akanirudishia. Akanieleza kwamba sweta iliyokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ukiifumua inakupa vipande vifupi visivyo na faida, lakini ile iliyofumwa kipande kwa kipande, kisha vipande vikaunganishwa, inakupa uzi mmoja mrefu kutoka kiunoni hadi shingoni. Kwa hiyo nikajifunza kutazama mishono. Wauzaji walishangaa kumwona mtoto wa miaka tisa akichagua sweta iliyotoboka kiwiko na kuiacha nzima iliyo kando yake.

MUTHEU: Na uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele, kwa hiyo aliulowesha, akauning'iniza kwenye kamba ya nguo, akaufungia jiwe kwa chini ili unyooke ukikauka. Nani alimfundisha? Nilimuuliza. Alisema hakuna aliyemfundisha, aliutazama tu uzi akaona unataka kuvutwa.

RASHID: Wasikilizaji wengi wamebeba kiondo bila kujua kinavyoanza.

MUTHEU: Kinaanzia kwenye kitako. Unapishanisha kamba chache katikati, zinatawanyika kama miale ya jua, na hizo ndizo nyuzi za kusimama. Nyuzi mbili za kusukia huzunguka na kupishana juu ya kila moja, na kadiri kitako kinavyopanuka unaongeza nyuzi za kusimama, hadi utakapotaka kiondo kianze kupanda, na hapo unaacha kuongeza. Ugumu uko kwenye mapambo. Ukitaka pembetatu zipange vizuri kuzunguka kiondo chote, lazima idadi ya nyuzi za kusimama igawanyike sawasawa, na ukikosea hata uzi mmoja pambo linateleza, linapanda upande kama mtu anayechechemea. Susu hakusoma shule hata siku moja. Alizihesabu nyuzi zote kabla ya kutia rangi ya kwanza, akaweka punje za maharagwe sakafuni, akazigawa mafungu, akaziondoa baadhi, akazirudisha. Nilikuwa nikimwona nikiwa mdogo nikidhani anachagua maharagwe ya kupika. Sasa ninajua kwamba nilikuwa nikimtazama mtu anayefanya hesabu.

RASHID: Na akikosea?

MUTHEU: Anafumua. Hata kama kiondo kimefika nusu, hata kama mnunuzi anasubiri mlangoni. Kuna dalali mmoja aliyekuwa akikusanya vyondo vya akina mama kwa bei ya chini sana, na mara moja alimwambia kwamba kosa lile halionekani, wageni hawatalijua. Susu alikifumua mbele yake. Tulilala bila nyama juma hilo, na mama yangu aliudhika naye, na nadhani mama alikuwa na haki ya kuudhika. Mimi siwezi kusema nani kati yao alikosea.

RASHID: Tusiusahau mwaka 1985.

MUTHEU: Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkuu wa wanawake hapa Nairobi, kwenye jumba la mikutano la KICC, na mashirika ya wanawake yakakutana Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame mkali, sote tukila mahindi ya manjano. Susu na wenzake wa chama walibeba vyondo vyao vikiwa tayari na mikanda ya ngozi iliyotiwa na mafundi wa soko la Kariokor, soko ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliviuza vyote. Alilipa karo ya watoto wawili, akanunua mabati ya nyumba ya kijijini, na mabati hayo ndiyo yaliyotukinga na mvua siku ya mazishi.

RASHID: Umebeba kitu kwenye mfuko. Nimekiona tangu tulipoanza.

MUTHEU: Ni kiondo chake cha mwisho. Alikiacha kimefika hapa, juu kidogo ya pembetatu za samawati. Baada ya mazishi nilikaa kitako nikaanza kukiendeleza.

RASHID: Naomba nikishike. Naona... hapana, sioni, ninahisi. Hapa chini pamekaza kama ngoma, na hapa juu kidole kinazama. Mkono umebadilika hapa.

MUTHEU: Ndiyo, mkono wangu umelegea. Na ukitazama vizuri, pembetatu yangu ya tatu imeruka uzi mmoja.

RASHID: Mtu hataiona, Mutheu.

MUTHEU: Hivyo ndivyo alivyosema yule dalali.

RASHID: Kwa hiyo utafanya nini?

MUTHEU: Nimekwisha kuifumua mara mbili sehemu yangu, hadi pale alipoishia yeye. Nikitoka hapa studio ninapitia Gikomba kununua maharagwe, kisha ninaanza kuhesabu upya.