Barabara Iliyokata Malisho: Warumi Afrika Kaskazini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika.

Kila tukizungumzia Warumi, hatukosi kusikia mtu akiuliza: je, waliotawaliwa walifaidika au waliumia? Mimi swali hilo nalikataa, kwa sababu waliotawaliwa hawakuwa kundi moja. Twendeni Afrika Kaskazini tuone.

Mwaka 146 KK Warumi waliteketeza Carthage, mji wa mahasimu wao katika Tunisia ya leo, wakawauza utumwani walionusurika, nchi ikawa jimbo lao. Sasa tazama mji wa Leptis Magna, katika Libya ya leo, karibu miaka 150 baadaye. Tajiri wa pale, Annobal Tapapius Rufus, anajenga ukumbi wa maigizo kwa fedha zake mwenyewe. Anachongesha jina lake kwa Kilatini na pia kwa Kipunisia, lugha ya Carthage na ya mababu zake. Na Annobal ndiyo Hannibal, jina la yule jemadari wa Carthage aliyewatoa Warumi jasho! Huyu bwana hakulia na mtu. Mji huohuo ndio uliomzaa Septimius Severus, aliyekuja kuwa kaisari mwaka 193 BK.

Lakini bara, mbali na pwani, waliishi Wamusulami, wafugaji waliohama na mifugo kufuata majira. Mwaka 14 BK jeshi la Kirumi lilimaliza barabara kutoka kambi ya Ammaedara hadi Tacape, pwani ya Tunisia ya leo. Barabara ikapita katikati ya njia zao za malisho.

Miaka mitatu baadaye wakaasi. Kiongozi wao, Tacfarinas, alikuwa askari msaidizi wa Warumi aliyetoroka jeshini, kwa hiyo mbinu zao alizijua. Aliposhindwa katika pambano la ana kwa ana, akabadili mtindo: anashambulia, anatoweka, anaibukia kwingine. Akatuma wajumbe kwa Kaisari Tiberius: tupeni ardhi, la sivyo vita havitaisha. Tiberius alighadhibika. Mtoro wa jeshi anadai masharti kama mfalme!

Mwaka 24 BK gavana Dolabella alimvamia alfajiri huko Auzea, na Tacfarinas akafa akipigana. Dolabella alisaidiwa na Mwafrika kama Tacfarinas mwenyewe: Mfalme Ptolemy wa Mauretania, ufalme uliokuwa katika Algeria na Morocco za leo, ambaye Roma ilimtunuku fimbo ya pembe za ndovu na joho lililotariziwa. Mwaka 40 BK, Roma hiyohiyo, kwa amri ya Kaisari Caligula, ikamuua.

Ile ardhi je? Mwaka 29 na 30 BK wapimaji wa jeshi walishuka kusini wakisimika mawe ya mipaka hadi kwenye maziwa ya chumvi. Ardhi iliyopimwa inagawika, inauzika na inatozwa kodi. Mfugaji aliyerudi na mifugo yake alikuta malisho ya baba yake yana jiwe lenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

Nakaribisha maswali.